Mama Kwenye TV Kubwa

Kwa muda mrefu dada yangu mdogo, ambaye anaishi Marekani, alikuwa akiliona sikio la mama yetu tu. Sikio lenyewe halina ubaya. Lina tundu la hereni ambalo halijaona hereni tangu mama abatizwe, na ukilitazama kwa makini utaona mvi chache zikichungulia chini ya kitambaa cha kichwa. Lakini dada alikuwa amenunua simu ya maana ili auone uso. Kila alipopiga simu ya video, mama aliipokea kwa furaha, akaibandika sikioni, na kuanza kuuliza habari za huko. Nilimweleza mara nyingi. Nilimshika mkono nikaiweka simu mbele ya macho yake. Alikuwa akisema haloo moja ameyatoa macho, halafu mkono unarudi sikioni wenyewe, kwa sababu kwake simu ni kitu cha kusikilizia.

Siku moja dada aliniambia nimtumie mama. Si picha, akasisitiza, maana katika picha mama husimama mikono ubavuni, amenuna, anangoja kuhukumiwa. Alitaka mama anayetembea, anayechuma chai, anayegombana na kuku. Alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na sauti yake siku hiyo ilikuwa nyembamba. Nikamwambia asijali, nitamtengenezea filamu.

Kwa nini nilisema filamu sijui. Mimi ninauza mapazia mjini Kisii. Ninajua kupima dirisha kwa macho na kumwambia mteja kwamba rangi aliyochagua itamchosha kabla ya Krismasi. Ila nyumbani kwetu Nyanchwa nilikuwa na kompyuta, na mtu mwenye kompyuta huanza kujiona anaweza mambo.

Kompyuta hiyo tuliipata kwa jirani aliyekuwa na cyber, duka la kulipia intaneti. Watu waliponunua simu zao wenyewe cyber ikafa, naye akawa anagawa vitu kwa bei ya kutupa. Ni ya mezani, ya zamani, kioo chake kina kisogo kikubwa hivi kwamba meza tuliisogeza mbali na ukuta ili kisogo kipate pa kukaa. Ukiiwasha inaguna, inanyamaza, inaguna tena, kisha feni yake inaanza kuunguruma kwa nguvu za kinu cha kusaga mahindi. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na anapenda mizaha isiyoombwa, alikuwa akisema tuiwashe tukitaka wageni waondoke.

Kabla sijaendelea, lazima niseme kuhusu mkwe, kwa sababu bila yeye hili lingekuwa jambo la kuchekesha tu.

Dada aliolewa hukohuko na kijana ambaye asili yake ni Ogembo. Aliondoka Ogembo akiwa mdogo, akalelewa na ndugu za babake ng'ambo. Mahari ililetwa nyumbani kwa mama, Gesima, na ami zake, wakaja na ng'ombe na maneno matamu, na kila kitu kikafanywa kwa utaratibu isipokuwa jambo moja: bwana harusi hakuwepo. Makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika, na hangeweza kusafiri. Mama alipokea wageni, akawalisha, akawasindikiza, na walipopotelea bondeni akaniambia kwamba amemwoza binti yake kwa picha.

Halafu picha hiyo ikapiga simu. Siku hiyo nilikuwepo. Mkwe alimsalimia mama kwa Kiingereza chenye furaha nyingi, akachanganya na Ekegusii chetu, ila cha mtoto wa chekechea, na akamuuliza leo anapika nini. Mama aliiweka simu juu ya meza, akarudi nyuma hatua, akaitazama. Mtu wa mbali anaweza kushangaa kosa liko wapi. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni adabu ya kuoneana haya, na mahali inapokaza zaidi ni baina ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na mambo ya jikoni, ya nguo na ya mwili hayatajwi baina yao kabisa. Mume wangu, pamoja na mizaha yake yote, mama yangu akija kwetu Nyanchwa huchukua sahani yake akaenda kula chumbani, akijikunyata pembeni mwa kitanda. Mama naye hatakaa kwenye kochi analokalia mume wangu hata ukimfunga kamba. Hajawahi kulala kwangu. Jua likianza kuteremka anakusanya leso yake na kurudi Gesima. Na wawili hawa wanapendana sana. Ndivyo wanavyopendana.

Sasa huyu wa picha alikuwa ameingia jikoni kwa mama kupitia simu, bila kubisha hodi. Mama hakusema neno baya juu yake. Alisema tu kwamba kijana hakufunzwa, na hilo kwake ni baya kuliko yote.

Ndiyo maana mwaliko ulipofika, alikataa. Dada alitaka mama aende akae naye mtoto atakapozaliwa. Alikuwa ameulizia mambo ya viza, alikuwa na chumba cha chini chenye mlango wake na bafu lake, kila kitu. Mama akasema mlango si shida. Hawezi kukaa miezi chini ya paa moja na mtu asiyejua aibu, hatajua pa kuweka macho yake. Dada alilia kwenye simu, na mama, simu ikiwa sikioni, alilia pia, lakini hakubadilisha neno. Mimi nilikuwa katikati, nimekasirika na kila mtu, wakiwemo kuku.

Kwa hiyo filamu yangu haikuwa mchezo. Nilijua dada anaiomba kwa sababu ameanza kuzoea kwamba atazaa peke yake.

Nilienda Gesima Jumapili moja na simu yangu iliyojaa chaji. Mama alikuwa amevaa nguo ya Sabato na viatu vya Sabato, na alitaka kuchuma chai akiwa hivyo. Tukabishana. Mwishowe alikubali kuvaa nguo zake za kazi na kapu mgongoni, lakini usoni alibaki na Sabato. Nilimrekodi akichuma, mikono inaruka juu ya majani na kutupa konzi begani bila yeye kutazama, huku uso umekakamaa. Nilimrekodi akipita kwenye migomba, akiita ng'ombe, akiingia nyumbani, akitoka nyumbani. Kila nilipomwambia ajisahau kidogo aliniuliza mtu hujisahau vipi.

Jioni, mvua ilipoanza, aliingia jikoni kusonga ugali wa wimbi. Niliiegemeza simu kwenye mkebe wa chumvi juu ya rafu nimrekodi akiwasha moto, kisha nikakimbia nje kuanua nguo, nikamkuta jirani, tukapiga domo chini ya paa la banda mpaka mvua ikapungua. Simu niliisahau.

Hayo yote nilikuja kuyaona Nyanchwa, kwenye ile kompyuta ya kisogo.

Kujifunza kuhariri video kwenye mashine nzee ni shule ya unyenyekevu, na mimi si mwanafunzi mpole. Ndani yake mlikuwa na programu ya zamani ya kukatia video, iliyokuja na mashine. Unaburuta vipande vyako chini, unavipanga kwenye mstari mmoja, unakata hapa, unaunganisha pale. Nilifuata mafunzo ya kijana fulani kwenye simu aliyekuwa akisema kila jambo ni rahisi sana. Nilitamani kumfahamu nimpige. Kwake kipande kinateleza mahali pake. Kwangu nikikiburuta, mashine inafikiri, feni inapanda, na kipande kinatua mbele ya kile kilichotakiwa kukifuata, mama akawa ametoka nyumbani kabla hajaingia.

Kosa kubwa nililifanya mapema. Video zilikuwa kwenye flashi. Nikafanya kazi jioni kadhaa, nikabonyeza kuhifadhi, nikaona imeandika kwamba imehifadhi, nikachomoa flashi nikaenda nayo dukani kubeba picha za mapazia. Niliporudi, kila mahali palipokuwa na mama palikuwa na alama nyekundu ya X. Nilipiga kelele hadi mume wangu akatoka bafuni na povu. Kumbe kilichohifadhiwa hakikuwa video. Ilikuwa ni mpangilio tu, kumbukumbu ya kipande gani kifuate kipi, na vipande vyenyewe programu inaenda kuvichukua ulikoviweka. Ukiviondoa, haina kitu. Nilirudisha flashi, mama akarudi. Tangu siku hiyo hata kufagia karibu na flashi hiyo nilikataza.

Kosa la pili silijutii. Niligundua kwamba baina ya kipande na kipande unaweza kuweka madoido. Kuna ukurasa unaofunuka, kuna nyota, kuna moyo unaopanuka. Niliyatumia yote. Mama aliingia shambani kupitia moyo, akatoka akizunguka, akatokea kwa ng'ombe kutoka ndani ya nyota. Mume wangu alitazama akiwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza kwa upole kama mama amefariki au anagombea udiwani. Nikayaondoa, ila moyo mmoja nikaubakiza kwa ukaidi.

Halafu nikafika kwenye kipande cha jikoni. Nilidhani ni kifupi. Kilikuwa kirefu.

Mama anawasha moto, anapuliza, anafuta macho. Mimi natoka. Mlango unafungwa. Anakaa kidogo akisikiliza mvua kwenye mabati, anaweka sufuria, anamimina unga. Kisha anaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa kanisa. Ulikuwa wa wanawake wa zamani, ule wa kuchezwa kwa duara, ambao nilikuwa nimeusikia mara ya mwisho nikiwa mtoto. Mvuke unampanda, anavua kitambaa cha kichwa, anajifutia shingo, anakitupa. Anakunja sketi na kuichomeka kiunoni ili isishike majivu. Na huku anasonga ugali kwa mikono miwili, mabega yanaanza kutetemeka, polepole, halafu kwa kasi, vile yanavyotetemeshwa kwetu, mwili wote ukiwa umetulia na mabega peke yake yakiwa na sherehe. Mwishoni anauinua mwiko juu na kucheka peke yake.

Nilicheka, nikalia, nikarudisha nyuma nikatazama tena. Mama huyo nilikuwa nimemsahau. Huyu ndiye dada alikuwa anaomba. Kipande hicho sikukikata hata kidogo. Nilikiweka mwisho, kiwe kilele, na mahali pa mabega nikapunguza mwendo ili yaonekane vizuri. Nilijiona fundi.

Kazi ya mashine ya kuviunganisha vipande vyote viwe video moja tuliiita kupika. Niliiwasha asubuhi nikaenda dukani, na mchana mume wangu akanipigia kutoka shuleni kuuliza kama imeiva, eti anataka kujua kama alete mboga. Iliiva jioni. Kisha ikaja kuipakia mtandaoni. Ilikuwa nzito mno kutumwa kwa simu, kwa hiyo nilifungua akaunti hapo kwenye kompyuta, nikachagua kwamba ionekane tu na mtu mwenye linki, na Ijumaa asubuhi nikaianzisha. Mstari mdogo wa bluu ukaanza kutambaa. Siku hiyo nilimwachia msaidizi wangu duka. Nilikaa nikiulinda mstari, nikiomba stima isipotee, nikitazama jua kupitia dirishani, maana Sabato ikiingia mimi sifanyi kazi, na mlima wetu wote wa Nyanchwa unajua nani anafanya na nani hafanyi. Jua lilikuwa limeshagusa migomba mstari ulipofika mwisho. Nikamtumia dada linki, nikazima mashine, nikaenda kuoga kwa moyo mweupe.

Jumamosi mchana, tukiwa kwenye uwanja wa kanisa tunakula chakula cha pamoja, simu yangu ikalia. Dada aliandika kwamba jana alitoka kazini akalala moja kwa moja, leo ameamka ameiona linki, machozi yamemtoka hata kabla ya kuifungua, lakini anakimbilia kazini. Ameamua kujizuia mpaka jioni. Wataitazama wote wawili na mume wake sebuleni, kwenye TV kubwa.

Nilikuwa nimeshika mfupa wa kuku. Niliurudisha kwenye sahani.

Nataka nieleweke. Chinsoni ninaijua. Nimeishi nayo, nimeipikia na kuipelekea chakula chumbani. Lakini wakati wote ule nikikata na kuunganisha, kichwani mwangu nilikuwa namwonyesha dada tu. Nilimwona na simu yake kitandani, peke yake, blanketi limefika kidevuni. Haikuniingia akilini kwamba video huenda ikawekwa sebuleni, na sebuleni kuna mume. Sasa mama yangu, kichwa wazi, magoti nje, mabega yakitetemeka kwa mwendo niliopunguza kwa mkono wangu mwenyewe, alikuwa anakwenda kuchezea mkwe wake kwenye kioo kikubwa kuliko meza yake ya kulia chakula.

Nilimpigia dada. Simu imezimwa, anahudumia wazee na kazini hairuhusiwi. Nilimwandikia asifungue, asifungue kabisa, anipigie kwanza. Nilijaribu kuingia kwenye akaunti kwa simu yangu niifute, nikagundua kwamba nywila niliiandikia kompyuta peke yake na kichwa changu hakikuambiwa. Nilijaribu majina ya watoto, ya mama, ya ng'ombe, mpaka simu ikanifungia. Basi nikakimbia nyumbani, bado nikiwa na nguo za kanisani. Mume wangu alinifuata akinikumbusha kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato unaruhusiwa kumtoa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu maneno yake yalinifariji. Nikabonyeza kitufe cha kompyuta. Haikuguna. Mvua ya mchana ilikuwa imeondoka na stima ya Nyanchwa yote.

Mume wangu akasema nimpigie shemeji basi. Namba ninayo. Nilikaa na simu mkononi, nikatunga sentensi, nikaifuta. Ningemwambia nini? Kwamba asitazame, kwa sababu kuna magoti ya mama mkwe wake? Kulisema hilo ni kumwonyesha. Hakuna lugha ya kumwonya mtu juu ya kitu ambacho ni haramu kukitaja mbele yake. Nikaiweka simu chini, na hapo nikaelewa vizuri mama alivyojisikia siku ile alipoulizwa anapika nini.

Stima ilirudi Jumapili asubuhi. Mashine iliguna, ikanyamaza, ikaguna, ikajikagua kila kiungo cha mwili wake huku nikiigonga kisogoni. Ukurasa ulipofunguka, chini ya video palikuwa pameandikwa kwamba imeshatazamwa. Nikaifuta hata hivyo. Kisha nikavaa viatu nikaenda Gesima, kwa sababu nilitaka mama aisikie kwangu kabla hajaisikia kwingine.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya jikoni akichambua chinsaga, mboga yetu ile chungu. Nilimwambia yote, tangu mkebe wa chumvi mpaka TV kubwa. Tunazungumza Ekegusii, kwa hiyo haya ninayoyaandika ni kivuli tu cha jinsi alivyoyasema. Aliniuliza kama kitambaa kilikuwa kichwani. Nikasema hapana. Akauliza sketi. Nikasema ilikuwa imechomekwa. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama aliinua ule mwiko. Nikasema aliuinua.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliweka chinsaga kando, akaivuta sketi yake hadi vifundoni ingawa ilikuwa tayari imefika, akakaa akiitazama njia. "Sasa imekwisha," akasema. "Hata kama nilikuwa na nia ya kwenda. Nitamtazama kwa macho gani?"

Nilisikia neno nia. Kumbe alikuwa ameanza kuifikiria safari, kimyakimya, bila kutuambia, na mimi nimeizika kwa kipande cha mwisho nilichojivunia. Nilijisikia vibaya sana. Nilitamani ile mashine niisukume itoke dirishani, na mimi niifuate.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa dada, kwa video, uso umevimba wa kulia. Kabla sijasema neno mama akaninyang'anya simu, akaibandika sikioni. Dada akaanza kuongea na sikio, kwa sauti ya juu kama kawaida ya watu wa mbali, na mimi pale benchini nikasikia kila kitu.

Alisema alirudi kutoka kazini amechoka, hakuangalia simu. Mume wake, aliyekuwa ametumiwa linki tangu asubuhi, alikuwa ameshaandaa TV na kumtilia chai. Walimtazama mama akichuma, akipita kwenye migomba, wakaucheka ule moyo wangu. Kisha mama akaingia jikoni. Mama alipovua kitambaa, mume wake aliinuka. Hakutazama nyuma. Alifungua mlango wa mbele akatoka, akaufunga. Dada alidhani amepigiwa simu. Alitazama mpaka mwisho, akalia, akarudisha nyuma akatazama tena, mara kadhaa, na bado mume hajarudi. Akaenda mlangoni. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Alimkuta amesimama kwenye ngazi ameupa mlango mgongo, mikono kwapani, theluji imeanza kukaa juu ya nywele zake.

"Unajua aliniuliza nini, Mama?" dada akasema. "Aliniuliza, 'Mama amemaliza?'"

Dada akaendelea, akasema alimuuliza mume wake nani alimfundisha hayo, naye akasema hakumbuki kufundishwa. Anachokumbuka ni Ogembo, yeye mdogo ameshikwa mkono na babake, na kila walipomwona bibi yake mzaa mama akija, babake alikuwa akimwachia mkono na kuingia kwenye migomba mpaka bibi apite. Alidhani ni mchezo. Na ile simu ya siku ile, akasema, alikuwa na hofu, maneno ya Ekegusii aliyobaki nayo ni ya mtoto, na mtoto akimwona mama huuliza nini kimepikwa.

Kuku mmoja alikuwa anakula chinsaga chetu na hakuna aliyemfukuza. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, simu imelazwa kwenye sikio lile. Nilingoja aseme jambo kubwa, kuhusu damu, kuhusu malezi, kuhusu ami wa Ogembo na ng'ombe wao.

"Alikuwa amevaa koti?" akauliza.

Dada akasema hapana, alitoka na shati na ndara za nyumbani.

Mama akasonya, sonyo refu, lile ambalo tangu utotoni tulilipata sisi peke yetu, watoto wake wa kuzaa, tulipotoka kwenye umande bila viatu. Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akaitoa simu sikioni, akaishika mbele ya uso wake kwa mikono yote miwili, mbali kidogo, akamtazama binti yake.

"Mwambie aweke koti karibu na mlango," akasema. "Mimi nikipika huimba."